Nati ya Usukani
Kwanza niliusikia mlio: ka-ka-ka, chuma kikigonga chuma, baba alipokuwa akiijaribu pikipiki uani kwetu, juu ya Lushoto. Ilikuwa kuukuu, naye aliibadilisha mwenyewe, wakati vipuri na mitumba vilipoanza kujaa sokoni. Aliikata keria ya kubebea kabichi, akaupindua usukani ukainamia chini, na kiti kifupi akakivika ngozi ya koti la mtumba.

“Baba watoto,” mama alicheka, “utaendesha huku umesujudu?”

“Nikisujudu, upepo utanipita juu.”

Kazi yangu ilikuwa kutunza nati ndani ya kopo. Moja, ya kukaza usukani, nilikuwa nimeitia mfukoni kwa sababu iling’aa. Sasa baba alikuwa akitoka uani, akielekea kwenye kona za kuteremka Mombo. Nilipima lipi lilikuwa baya zaidi, kofi lake au korongo.

“Baba, simama! Nati ninayo mimi.”

Alizima injini. Aliitazama nati, kisha akanitazama mimi.

“Umesema kabla ya kona, mwanangu. Lete spana, tufungue tena tuikaze.”

Leo asubuhi pikipiki ilipita ikigongagonga vivyo hivyo chini ya dirisha la bweni. Harufu ya petroli ikapanda hadi mezani, penye nakala ya tasnifu niliyokwisha kuikabidhi na jedwali ambalo, kwa siku tatu, nimejua kuwa nililikosea. Nikampigia msimamizi wangu.

“Shikamoo, mwalimu. Kabla hujaipeleka kwa watahini, kuna kosa langu.”