Mboga ya Chozi wa Al Thumama

Gerishon Mwadime alikuwa mtu msafi, na usafi huo ndio uliomponza. Alifika Doha kutoka Wundanyi miaka kumi na mmoja iliyopita, akaajiriwa kusafisha vyumba katika hoteli moja, na huko akafundishwa kwamba inzi mmoja ukumbini ni aibu ya hoteli nzima. Somo likamwingia. Hata alipopata kazi katika nyumba ya mtu binafsi pale Al Thumama, aliendelea kupangusa vitu ambavyo hakuna aliyevigusa.

Kazi yake hapo ilikuwa kulea ndege. Mwenye nyumba, ambaye Gerishon alimwita Baba kama wafanyakazi wengi wa nyumbani wanavyowaita mabwana zao huko, alikuwa amejenga nyuma ya jumba lake chumba cha vioo chenye kiyoyozi, miti michache na maua mengi, akaagiza kutoka Amerika ndege saba wadogo, wale wanaosimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma. Wasomi huwaita ndege wavumaji. Gerishon aliwaita chozi, kwa kuwa kwao ndege anayefyonza maua ni chozi, ingawa chozi wa kwao ana adabu ya kutua kwanza ndipo anywe. Kuwaita hivyo kulimpunguzia ugeni.

Alichukua nafasi ya Philipo, Mkenya mwenzake wa Bungoma, ambaye mkataba wake uliisha katikati ya Juni. Hawakuonana. Philipo aliondoka asubuhi, Gerishon akaingia jioni, akakuta funguo, chupa za kulishia, na karatasi ya maelekezo ya Baba ukutani. Sukari nyeupe kikombe kimoja, maji vikombe vinne. Asali marufuku, rangi marufuku. Maji yabadilishwe asubuhi na alasiri, chupa zioshwe kwa maji moto. Mstari wa mwisho ulisema hivi tu: ndizi, kama Philipo.

Nyuma ya mti mmoja akakuta pia ndoo iliyofunikwa kitambaa chenye matundu. Akaifunua. Ndani mlikuwa na ndizi zilizooza zikawa uji mweusi, na humo wakatoka inzi wadogo mamia kwa mamia, wakamwingia puani. Gerishon alikasirika kwelikweli. Aliitupa ndoo na vilivyomo, akasugua sakafu mara mbili. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikata ndizi safi vipande vilivyolingana, akavipanga kwenye kisahani cheupe, kisha akaviondoa kabla ya adhuhuri visije vikavuta inzi. Ndege hawakuvigusa hata siku moja. Akadhani wameshiba.

Ijumaa ya kwanza, maana huko hata Wakristo husali siku hiyo ya mapumziko, alikwenda kwenye makanisa ya Mesaimeer, na baada ya ibada, katikati ya Wakenya waliosimama kivulini wakinywa chai, akasimulia habari za ndoo. Alikuwa na kipaji cha kuigiza, akawaonyesha jinsi alivyoziba pua. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na jamaa mmoja akambatiza Philipo jina la Ndizi Mbovu. Jina likaingia kwenye kundi la WhatsApp, likavuka bahari, likamfikia mwenyewe huko Bungoma. Naye akajitoa kwenye kundi.

Juni ilipokwisha, Baba na familia yake walikwenda Ulaya kukimbia joto. Dereva na mpishi nao wakapewa likizo. Gerishon akabaki na jumba la vyumba kumi na vinne na ndege saba, na amri kwamba asitoke zaidi ya saa moja, maana kiyoyozi kikizima ndege wataiva humo ndani. Mesaimeer ikawa mbali. Simu zake na Edith, mkewe, zilikuwa zimebaki za habari za mvua na karo, dakika tatu, mtandao unakatika, basi. Siku nyingine jua lilizama kabla hajafungua kinywa kusema na binadamu. Alikuwa mpweke, tena ule upweke wa mtu kuwasha televisheni ya lugha asiyoijua ili asikie tu watu wakiongea. Akaanza kuzungumza na ndege.

Mmoja wao, jike aliyepungukiwa unyoya wa mkia, alikuwa akimjibu, au Gerishon alijiaminisha hivyo. Kila alipoingia na chupa, ndege huyo alikuja kuvuma mbele ya uso wake, akamtazama jicho hili, kisha lile. Gerishon alimwita Kadogo. Alimweleza mambo ambayo hajawahi kumweleza Edith, kwamba amechoka, na kwamba anaogopa kurudi nyumbani akaonekana mgeni.

Wiki ya pili ya Julai Kadogo hakuja. Alikuwa ametua kando ya chupa, manyoya yamefura, macho nusu wazi. Alikunywa sana kuliko zamani na bado alikuwa akikonda, mfupa wa kifua umechomoza. Wenzake nao walikuwa wamefifia rangi. Gerishon akafikiri kama wanywaji chai wa kwetu wanavyofikiri, kwamba aliyeishiwa nguvu aongezewe sukari, akatia vikombe viwili badala ya kimoja. Baada ya siku mbili Kadogo alishindwa kupanda kwenye tawi lake.

Alimpigia simu daktari wa ndege, akaambiwa yuko likizo mpaka Agosti. Sasa alibaki mtu mmoja tu wa kuuliza. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyoambiwa, lakini waliotuachia msemo huo hawakusema lolote juu ya kumuuliza mtu uliyemfanya kichekesho cha kanisa zima. Gerishon alizunguka chumba cha vioo asubuhi nzima, simu mkononi, akijitungia maneno na kuyafuta. Ila alimpenda yule ndege, na ndege alikuwa anakufa. Saa saba mchana akapiga Bungoma.

Philipo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

“Ndoo yangu iko wapi?”

“Niliitupa.”

“Uliitupa.” Philipo alivuta pumzi. “Ndugu yangu, ile ilikuwa mboga yao. Sukari inawapa tu nguvu ya kuruka. Nyama yao ni wale inzi, wanawadaka hewani. Sasa wewe umewalisha ugali mkavu karibu mwezi mzima.”

Hakumtukana. Gerishon angependelea atukanwe, ingekuwa nafuu. Philipo alimwambia arudishe sukari kwenye kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, kwa sababu ikiwa nzito inawakausha mwili. Akamwambia pia kwamba ndoo mpya huchukua siku kumi kutoa inzi, na huyo mdogo hana siku kumi. Itabidi akawatafute mwenyewe, leo.

Basi saa nane, kwenye jua kali, Gerishon alikuwa mtaa wa Najma, nyuma ya duka la matunda, amepiga magoti mbele ya maboksi ya maembe yaliyooza, mfuko wa plastiki mkononi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi kutoka Kerala, alitoka kumuuliza anatafuta nini. Alipojibiwa inzi, aliwaita vijana wake waje waone. Wakasimama mlangoni wakimtazama mtu mzima aliyechomekea shati akiwabembeleza inzi waingie mfukoni. Walicheka, naye hakuwalaumu.

Aliufungua mfuko ndani ya chumba cha vioo. Ndege sita wakashuka kwa fujo, wakadaka huku na huku, midomo ikigonga. Kadogo alibaki chini. Gerishon akamnyanyua kwenye kiganja, mwepesi kama sarafu, akamsogezea mfuko mdomoni. Alidaka inzi mmoja. Gerishon akamsihi adake wa pili, akamwita jina, akamwambia taratibu, mama, taratibu tu. Kadogo akafumba macho. Ilipofika saa kumi, moyo uliokuwa ukimpiga Gerishon kiganjani ulikuwa umetulia kabisa.

Gerishon alilia. Kiswahili kina neno moja kwa ndege yule na kwa maji ya macho, na alasiri hiyo hakuona la kuchekesha ndani yake.

Akanawa uso, akampigia Baba simu, akaeleza yote, ndoo, sukari, yote. Alikuwa tayari kuambiwa afunge mizigo. Baba alimsikiliza kwa upole, nyuma yake kukisikika vijiko na watoto. “Maalesh, Gerishon,” akasema, yaani si kitu, yamepita. “Usihuzunike. Tutaagiza mwingine.” Kisha akauliza kama kiyoyozi kinafanya kazi vizuri.

Gerishon alishukuru, akaketi sakafuni. Alikuwa amesamehewa, na msamaha ukamuuma kuliko kufukuzwa. Bila shaka siku Philipo alipopanda ndege kwenda kwao, mtu alisema maneno hayohayo katika nyumba hii, na huyo mwingine aliyeagizwa alikuwa yeye.

Akapiga Bungoma mara ya pili. Hakujua kwa nini, kwani hakukuwa na dawa tena ya kuuliza.

“Amekufa,” akasema.

“Yule wa mkia?”

“Yule.”

“Umemzika wapi?”

Gerishon alitazama mfuko wa shati lake. “Bado ninaye,” akasema. Halafu akasema, “Philipo, ile habari ya ndizi ilitoka kwangu.”

“Najua. Toka nje, nenda ukuta wa kaskazini, kwenye kivuli. Utaona mawe mawili madogo. Hapo nimezika wawili. Hao ndio walionifundisha mambo ya ndoo, na mimi sikuwa na mtu wa kumpigia.”

Gerishon akachukua kijiko jikoni, akatoka nje kwenye joto, akayaona mawe. Alilaza simu mchangani na kupiga goti. Ardhi ilikuwa ngumu, kijiko kikapinda, akawa anakinyoosha na kuendelea. Alimwambia Philipo kwamba anaweza kukata, asikae simuni bure, kazi hii itachukua muda.

“Chimba tu,” sauti ikatoka mchangani. “Mimi nipo.”