Pole za Nahodha

Kazi yake ilikuwa kupiga deki, na kwa kuwa hakuna deki bila meli, wenzake katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali walimwita Nahodha. Hakukataa. Wapo waliopewa meli nzima wakaizamisha. Yeye alikuwa na korido moja ndefu, ndoo, tambara, na kibao cha plastiki cha njano kilichoandikwa SAKAFU IMELOWA.

Ubaya wa kibao kile ni kwamba kilikuwa na ajira mbili. Mlango wa stoo ulizoea kujibamiza kwa upepo, na kishindo chake kilimkera kila mtu. Nahodha akagundua kwamba kibao kikikunjwa huingia chini ya mlango ule kama kilizaliwa hapo. Mlango ukatulia. Sakafu ikaachiwa ijisemee yenyewe.

Asubuhi moja Mama Pasi, aliyenyoosha mashuka pale tangu mashine zikiwa mpya, akatokea amebeba beseni la mashuka yaliyomfika kidevuni. Wahenga walionena kuteleza si kuanguka hawakuwahi kupita korido ile. Mama Pasi aliteleza na akaanguka, na mkono wake wa kulia ukavunjika kwenye kifundo.

Nahodha alikuwa wa kwanza kufika. "Pole, dada. Pole sana," akasema, akimwegemeza ukutani. Wenzake walipokwisha kumzunguka, akarudi stoo kinyemela, akachomoa kibao na kukisimamisha katikati ya korido, kama kilichokesha hapo. Nyuma yake mlango ukajibamiza. Hakuna aliyegeuka, wote walikuwa na majeruhi.

Msimamizi akaja, akakiona kibao, kisha akashusha macho hadi miguuni kwa Mama Pasi. Malapa, tena yaliyolika kisigino. Kesi ikaishia hapo. Akatangaza kwamba mtu anayepuuza onyo huku amevaa malapa hana meza ya pasi tena. Akipona, atafute riziki kwingine. Wa kwenye mashine wakatania kwamba malapa yale yapelekwe makumbusho. Nahodha alicheka nao.

Tangu hapo akawa mtu wa pole. Kila akitoka kazini alipitia kwa Mama Pasi na machungwa: pole, dada, mkono vipi, pole, lete ndoo nikuchotee maji, pole. Majirani wakasema watu wa aina yake wamebaki wa kuhesabu, naye akawa anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asisifiwe. Pole ni neno jema, lakini halichagui. Hulitoa aliyekusukuma, hulitoa mpita njia, na hakuna anayemuuliza mtoaji alikuwa wapi.

Siku moja alimkuta Mama Pasi akihangaika kumenya chungwa kwa mkono wa kushoto. Akataka kumsaidia, akakataliwa.

"Pole zako nimezipokea, Nahodha, hata pa kuziweka sina," Mama Pasi akasema. "Ila nikiwa pale chini nilisikia mlango wa stoo. Ule mlango si ulishaacha kelele?"

Nahodha akauweka chini mfuko wake wa machungwa.

"Nisamehe, dada."

"Haya, hilo ndilo neno. Sasa lisiishie kwangu. Si mimi niliyejifukuza."

Kesho yake, kabla hajashika ndoo, alibisha kwa msimamizi akasema yote: mlango, kibao, na jinsi alivyokihamisha mwenzake akiwa bado sakafuni. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. Akasema Mama Pasi atarudi kwenye meza yake mkono ukiunga. Kisha akamtazama.

"Na wewe, bwana," akasema, "pole."

Nahodha akaelewa. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akashika njia. Alipokuwa anaimaliza korido, mlango wa stoo ukajibamiza, na safari hii watu wote wakageuka.