Sauti Aliyoisafisha Godé

Kolwezi, mtu akitaka muziki ndani ya gari lake, huelekezwa kwa Godefroid Ngeleka, ambaye karibu kila mtu humwita Godé. Karakana yake ni kontena lililokatwa ubavu, kando ya barabara iendayo Musonoi, mahali ambapo vumbi la malori ya madini hufika kabla ya wateja. Kazi hii aliianzia kwenye kwaya, akifungua spika za kanisa zilizoungua ili ajue kilichoziua. Aligundua kwamba nyingi haziuawi na umri, zinauawa na kazi isiyo yao. Spika ndogo ikilazimishwa kupiga besi hutetemeka, hukwaruza, mwisho hupasuka. Basi kila gari lililoingia kwake lilitengenezewa vichujio kwanza: sauti nzito zielekezwe kwenye spika kubwa, nyembamba zibaki kwa ndogo, na pale katikati, mahali pa sauti ya mtu, pasiwe na vurugu. Alikizungusha kitufe cha kichujio polepole, macho ameyafumba.

"Usikilize mudomo," aliwaambia wateja. "Kama unasikia mudomo ya mwimbaji inafunguka, njo tumefika."

Mama yake, Mama Charlotte, aliishi mtaa wa nyuma ya karakana, katika nyumba ambayo marehemu mumewe aliijenga tofali kwa tofali baada ya kuachishwa kazi mgodini. Tangu mvua zilizopita mtaa ule ulikuwa unangoja neno moja tu: lini. Shimo la mgodi lilikuwa linasogea. Kila walipolipua, nyufa zilipanda ukutani. Watu wenye kofia ngumu walikuja kupaka namba nyekundu kwenye milango. Mama Charlotte aliifuta ya kwake, wakaipaka tena, akaifuta tena. Alitaka kitu kimoja: afie mule. Na Godé alikuwa amemwahidi.

"Mama, habatakutoa humu. Mi niko."

Asubuhi moja Louis, dereva aliyewahi kuimba naye kwaya, aliingiza pikapu yenye spika mbili za tarumbeta juu ya paa na besi kubwa kama pipa nyuma.

"Godé, unisaidie! Jana nimepita mu cité, mutaa kwa mutaa, bantu habasikii kitu. Mama moja alifikiri ninauzisha samaki!"

Godé alicheka. "Umefunga besi ya disco na tarumbeta pamoja, bila filtre ya kuzitenganisha. Hata malaika akiongea humu atalia kama mbuzi."

"Basi umuponyeshe malaika wangu."

"Unatangaza nini?"

Louis aliyatazama matairi. "Weka ile clé USB. Utasikia."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imezama ndani ya ngurumo. Godé alianza kuikata besi isiingie kwenye tarumbeta, kidogo kidogo. Maneno ya kwanza yakachomoza: namba nyekundu. Akazungusha tena. Zitabomolewa. Tena kidogo. Jumatatu asubuhi, tafadhali kila mtu awe ametoka.

Godé akageuka kumtazama Louis.

"Mi niko chauffeur tu, ndugu yangu," alisema Louis. "Niko na batoto."

Godé alikirudisha kitufe nyuma, na yule mwanamke akazama tena. Ilikuwa rahisi hivyo. Angemwachia Louis gari likinguruma, lipite mtaani siku nzima, na hakuna ambaye angeijua Jumatatu hiyo. Kisha akamfikiria Mama Huguette, jirani wa mama yake, ambaye kila asubuhi huenda kuuza makaa na kuwafungia pacha wake ndani wakiwa bado wamelala. Tingatinga haliulizi nani alisikia na nani hakusikia.

Ni haki gani hii, kumpa mtu uchaguzi wa namna hiyo? Shaba iliyo chini ya jiko la Mama Charlotte itavuka bahari, iwe waya, iwe injini inayokwenda bila moshi, na atakayeiendesha atajisifu kwamba anaiokoa dunia. Lakini dunia ya Mama Charlotte nani ameiokoa?

Godé alikizungusha kitufe mbele. Akaikata besi yote, akaizima ile spika kubwa, akaiacha sauti ya mwanamke isimame peke yake, safi, kila herufi mahali pake. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

"Inasikika," Louis alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi.

Louis alipoondoka tu, Godé alifunga kontena akakimbia kupitia vichochoro. Alitaka mama yake aisikie habari ile kinywani mwake kwanza. Lakini sauti aliyoisafisha ilikuwa na mbio kuliko miguu yake. Ilimpita njiani, juu ya mabati.

Alimkuta Mama Charlotte amesimama uani.

"Nimesikia yote, Godé. Hata pale anasema tafadhali. Magari ingine inapitaka na makelele tu. Hii nani ametengeneza?"

"Ni mi, mama."

"Ulijua inasema nini?"

"Nilijua. Mama, batoto ba Huguette banalalaka mule ndani, kama mama yabo hakusikia..."

"Nimekuuliza batoto ba Huguette?"

Laiti mama yake angepiga kelele. Lakini alimtazama tu, kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu katikati ya wageni.

"Ulisema uko," alisema, akaingia ndani.

Godé alisikia miguu ya kitanda ikikwaruza saruji. Aliingia akashika upande wa pili.

"Achia."

Akaachia. Mama Charlotte alikivuta peke yake, akipumzika, akivuta tena, mpaka mlangoni. Hakikupita. Akakigeuza, akakiinamisha, hakikupita. Mumewe alikuwa amekiunda mule mule chumbani, mara nyumba ilipokwisha, wala hakufikiria kwamba siku moja kitatakiwa kutoka.

Mama Charlotte akaketi kwenye ncha yake iliyotokeza nje, pale mlangoni, akaanza kulia. Godé alibaki upande wa ndani, kitanda kimemzibia njia, hawezi kumfikia.