Kompyuta Aliyoiacha Kaka

Wifi yangu ni fundi wa kudarizi, na ni mbishi, Mungu anisamehe. Kaka yangu alipofariki alimwachia kompyuta inayoendeshwa kwa mfumo ambao mtaa mzima hakuna mwingine anayeutumia. Michoro yote ya kaka imo humo: maua, nembo za shule, herufi za madoido.

Mashine ya kudarizi ilipokufa, wifi akanunua mpya. Lo! Programu yake inakubali kompyuta za aina moja tu, zile za watu wote. Ya kaka ikakataliwa.

"Si ununue nyingine kama wenzako?" nikamwambia.

"Michoro ya kaka yako huko haifunguki. Nitawaandikia wenye kampuni waniongezee mfumo wangu."

"Haya, waandikie. Wamekaa wanakusubiri wewe."

Ukurasa wa malalamiko wa kampuni mtandaoni nao ukagoma kufunguka kwenye kompyuta ya kaka. Wifi akaenda kwa mpiga chapa, jirani yetu mwenye kompyuta kama za watu wote, akaandikia pale kwa adabu zote. Kimya. Akawakokota mafundi wenzake, wateja, hata mimi shingo upande, wote tukalalamike kwenye kompyuta ile ile ya jirani. Mpiga chapa akatubandika jina: Chama cha Walalamishi. Huku nyuma wifi anadarizi sare kwa mkono, vidole vimevimba, wateja wanahama mmoja mmoja.

Siku jibu lilipoingia, aliniita nimsomee.

"Mteja mpendwa, tumechunguza kwa makini. Malalamiko yote yametoka kwenye kompyuta ambazo tayari tunazihudumia. Kutoka kwenye mfumo unaoutaja hatujawahi kupokea hata lalamiko moja. Mkiwa wengi, tutafikiria."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi hakucheka. Alifungua mchoro mmoja kwenye kompyuta, akachukua sindano, akaanza kuunakili kwenye kitambaa, mshono mmoja baada ya mwingine. Nikachungulia. Lilikuwa waridi ambalo kaka alilichora kwa ajili ya gauni langu la harusi.

"Bado unalo?" nikamuuliza.

"Ningelipeleka wapi? Shika kitambaa hapo, acha kulia, utanilowanishia kazi."

Kesho yake nilikwenda kwa mpiga chapa peke yangu, bila kutumwa, nikaandika malalamiko marefu kuliko ya wote. Najua kampuni watanihesabu upande wa kompyuta wanazozihudumia. Nimeandika hata hivyo, na wiki ijayo nitaandika tena.