Mguu Ambao Haukuumia

Kwa miaka mitatu nilikuwa msimamizi wa kundi la simu la msikiti wetu, kwenye kilima kimoja juu ya Mlalo, na katika miaka hiyo nilijiona mtu wa dini kweli. Miezi ya baridi kazi ya kabichi na karoti huisha mapema. Nikishaswali adhuhuri nilikuwa huru mpaka jua kuzama. Muda huo niliutumia stoo, nimekaa juu ya magunia, nikirekodi mawaidha kwa sauti na kuyatuma kwenye kundi. Nilikuwa na sauti nzuri, nami nilijua. Watu waliyasambaza mbali. Mtu mmoja wa Zirai, ambaye sijawahi kumwona, aliniandikia kwamba hunisikiliza kila siku akipalilia. Nilimsomea mke wangu ujumbe ule mara mbili. Alisema ni jambo jema, kisha akauliza kama ningeweza kutoka nikamsaidie kuanua mahindi, maana ukungu ulikuwa unapanda.

Mwaka wa tatu mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alipata kiharusi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma herufi za Kiarabu nikiwa na miaka sita, akinishika kidole na kukipitisha juu ya kila moja. Alikaa ng'ambo ya bonde. Mlango wa stoo yangu ukiwa wazi, niliona bati la nyumba yake. Kwenda kwake ni kushuka mpaka mtoni na kupanda, mwendo usiofika hata nusu saa.

Habari niliipata kwenye kundi. Niliandika dua ndefu, watu wakaitikia amina. Nilipanga kwenda Ijumaa, ikanyesha. Ijumaa iliyofuata haikunyesha, ila kulikuwa na ubishi kwenye kundi kuhusu kuandama kwa mwezi, nikaona siwezi kuuacha bila majibu.

Ndipo nikarekodi mawaidha juu ya kumtembelea mgonjwa. Nilirudia mara tatu kwa sababu ya jogoo. Nilieleza fadhila zake, haki ya jirani, upweke wa mtu aliyelala kitandani akisikiliza hatua za wapita njia. Mwishoni sauti ilinichukua, nikasema, "Mwalimu wetu, usidhani umesahaulika. Leo hii tunakuja kukaa nawe." Yalikuwa maneno ya kupamba tu. Niliyatuma, nikabaki pale stoo kutazama majibu yakiingia, mpaka alasiri ikanikuta sijatawadha.

Siku nane baadaye nilikutana na mke wa mwalimu sokoni Mlalo, akinunua magimbi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniangalia miguuni, akaniuliza, "Mguu umepona?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba binti yao aliwawekea sauti yangu, na mwalimu aliposikia kwamba nakuja siku ile, aliomba aogeshwe na avalishwe kanzu. Walimtoa nje, wakamketisha ukutani anapoiona njia, na blanketi magotini. Yeye mwenyewe akachemsha chai na magimbi. Walikaa hivyo mpaka magharibi, na baridi yote ile. Binti alitaka kumrudisha ndani, mwalimu akakataa. Giza lilipoingia ndipo alipokubali, akasema hakuna kilichonizuia ila nimeteleza kule mtoni, pana utelezi. Tangu hapo wamekuwa wakiniombea mguu wangu.

Ningeweza kusema kweli pale pale. Nilisema, "Unaendelea vizuri, mama. Bado kidogo tu."

Akanipa pole.

Kesho yake nilikwenda. Sikuwa na hila nilipoondoka nyumbani, naapa. Lakini nilipofika juu na kumwona mama amesimama uani, mguu wangu wa kulia ulianza kuchechemea. Nilivuka ua mzima nikichechemea, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikaingia ndani na kumsalimu mwalimu wangu.

Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Uso ulivutika na maneno yalitoka taratibu, lakini macho yalikuwa yale yale yaliyokuwa yakimwona mtoto aliyeruka mstari. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za karoti. Kisha akauliza habari za mguu. Mama alikuwa jikoni.

"Mwalimu," nilisema, "sikuumia. Nilikuwa nyumbani, na simu yangu."

Nilitamani anikaripie kama zamani. Alitazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya blanketi, akasema, "Kesho ni Ijumaa. Kucha za mkono huu nashindwa kuzikata. Wembe uko dirishani."

Nikachukua wembe, nikashika kidole chake cha kwanza. Nilikuwa kwenye kidole cha tatu simu ilipotetemeka mfukoni. Sote wawili tulisikia. Mkono wangu ukaondoka kwenye mkono wake na kuelekea mfukoni kabla sijawaza lolote, na kidole chake kikabaki hewani kikisubiri. Niliurudisha. Nilimaliza kucha zote nimeinamisha kichwa, kwa sababu sikuweza kumtazama.

Niliporudi nyumbani niliingia stoo nikaanza kurekodi ungamo langu kwa ajili ya kundi. Nilisema sentensi nne. Kisha nikajisikia jinsi sauti ilivyokuwa inashuka na kupanda vizuri, na nilivyokwisha kuwaza nani atalia akisikia. Nikafuta. Nilimweleza mke wangu peke yake. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikamaliza, akasema alidhani nilikuwa nikienda kwa mwalimu siku zote hizo, ila simwambii.

Usimamizi wa kundi nilimwachia mwingine. Kila Alhamisi nilivuka bonde kumkata mwalimu kucha na kumsomea kidogo. Mara mbili sikwenda, na sababu sikuwa nayo. Alifariki mvua za masika zilipoanza. Kuhusu mguu, hakuwahi kumwambia mkewe. Mama yule huniuliza hadi leo, kila baridi ikirudi, kama haunisumbui, nami humjibu haunisumbui, nikiwa sijapata ujasiri wa kuongeza neno la pili.

Simu bado ninayo, na mchana bado ni mrefu. Kuna mzee mwingine chini karibu na mashine ya kusaga, macho yake yamefifia, huswali nyumbani kwa sababu hakuna wa kumshika mkono kumpandisha msikitini. Nimekuwa nikisema nitampitia tangu Ramadhani. Leo pia, baada ya adhuhuri, nilikaa nikaangalia simu kidogo, na nilipoinua kichwa adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha.