Ng'ombe Aliyekula Jiko Letu

Kambo, mama yake Papa, alipotelemka kutoka Kirungu kuja kukaa nasi Kalemie, alikuja na ng'ombe. Mtaa mzima wa watu wa reli ulitoka kumwangalia. Ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba, na kiburi chake!

Mvua zingali zikinyesha, Kambo akatuamuru tukate majani tuezeke jiko upya. Tukaezeka. "Ongezeni!" Tukaongeza. Ilikuwa mbaya kuliko salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, maana salongo angalau ilikuwa na mwisho. Mama, ambaye hakupatana hata kidogo na mama mkwe wake, akauliza, "Mama, tunajenga jiko ao kanisa?"

"Funga kinywa, kata majani," akajibiwa.

Kiangazi kikaingia, vijana wakachoma vilima kutafuta panya, kama kawaida yao. Safari hii moto ulikula mpaka majani ya kando ya mto Lukuga. Ng'ombe akabaki mbavu tupu. Siku moja akalala chini, akakataa kusimama. Majirani, na huruma yao ya fisi, wakaja kuulizia mapaja! Kambo akawafukuza kwa mwiko, kisha akaketi karibu na kichwa cha ng'ombe, akalia. Niliogopa sana.

"Huyu akikufa," alisema, "nitakuwa mugeni katika nyumba ya mutoto wangu."

Akafuta kamasi, akanyoosha kidole juu ya jiko. "Pandeni."

Kumbe paa ndilo lilikuwa ghala lake! Tukang'oa majani ya pembeni, yasiyofikiwa na moshi. Ng'ombe akanusa, akageuza uso. Kambo akayanyunyizia maji ya chumvi. Ng'ombe akaonja. Akala. Kesho yake akasimama.

Tangu hapo alikula paa kila siku, na Mama alipika juani akitukana kwa Kitabwa ili sisi watoto tusielewe. Tulielewa yote. Lakini ndama alipozaliwa, ni yeye aliyempokea, mikono imejaa damu, akipiga vigelegele.

Papa alikuwa safarini na treni, iliyokwama huko njia ya Kabalo. Alirudi na mvua ya kwanza, akatukuta tumekaa ndani ya kuta nne bila paa, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, imejaa maji.

"Jiko yangu iko wapi?" akafoka, akimkazia macho Kambo.

Mama akamtangulia kujibu, akimnyooshea ndama kidole.

"Njo ile kule, inanyonya. Na ukimugombeza mama yetu, ng'ombe atakula na nyumba kubwa."