Shuka Lililofuliwa Mara Kumi

Walimwita Bi Pindo, na jina hilo alilipata kwa haki. Katika karakana yake, chumba kirefu nyuma ya duka la viatu, cherehani sita zikitazamana kama wageni mezani, shuka lenye pindo lililokwenda upande halikuvuka kizingiti. Alimrudishia fundi wake, akasema kwa upole, "Mgonjwa hana pa kukimbilia, mwanangu. Ukimshonea vibaya atalala na ubaya wako mpaka apone." Kwa miaka kumi na moja mashuka ya hospitali kuu yalitoka chumba kile, na kwa mashuka hayo wanawake sita walisomesha watoto wao.

Mwaka wa kumi na mbili zabuni ikatangazwa upya, kama ilivyo ada. Bi Pindo akapeleka fomu zake pamoja na shuka moja la sampuli. Ulipopita mwezi, barua ikaja. Aliyeisoma kwa sauti ni mdogo wake, mpiga pasi wa pale, maana dada mtu alikuwa amebana pini mdomoni.

"Sikia hii. 'Sampuli yako ilifuliwa mara kumi kwa mujibu wa masharti, ikarudi na kupungua kwa sentimita tisa. Hivyo haikukidhi vigezo.'" Akaigeuza barua. "Na aliyeshinda ni ile kampuni ya matairi."

Bi Pindo akazitoa pini moja moja, akazichomeka mahali pake. "Kampuni ya nini?"

"Matairi, dada. Labda mashuka yao yanajazwa upepo."

Mafundi wakacheka, kicheko cha watu wanaoona wingu limetanda na paa linavuja. Bi Pindo hakucheka. Kitambaa chake alikiloweka kutwa nzima na kukianika kabla hakijaguswa na mkasi. Kama ni kurudi, kilikuwa kimekwisha kurudi chote kabla hakijaitwa shuka.

"Lile halikurudi," alisema. "Hata wangelichemsha na mawe."

Barua ilimpa siku saba za kulalamika. Siku ya pili akaja kaka wa mumewe, karani mstaafu aliyezijua ofisi za serikali kama mifuko ya koti lake.

"Shemeji, achana nao. Ukiwashtaki leo, kesho hata zabuni ya vitambaa vya kudekia utaisikia kwa jirani. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeubusu miaka kumi na moja, shemeji. Midomo imechubuka."

"Na ushahidi je? Neno lako dhidi ya mhuri wao?"

Hata hivyo Bi Pindo aliandika malalamiko yake juu ya meza ya kukatia nguo, ukurasa mmoja, herufi zimesimama wima kama mshono. Aliuliza mambo mawili tu: nani aliyelifua shuka lake, na alilifulia wapi.

Kwenye idara ya ununuzi karani wa mapokezi aliipokea karatasi kwa vidole viwili. "Tutalifanyia kazi, mama."

"Nigongee mhuri nakala yangu, baba."

"Mwenye mhuri ametoka."

"Basi nitamngoja."

Akaketi kwenye benchi, akafungua mfuko wake, akatoa mashati ya shule na sindano, akaanza kushona vifungo. Hakunung'unika wala hakuinua macho. Kufikia adhuhuri mashati kumi na manne yalikuwa yamekunjwa kando yake, na watu wa foleni walikuwa wameanza kumwuliza kama anapunguza suruali. Bibi mmoja alikwisha vua sweta lililofumuka kiwiko. Karani alipoona mapokezi yake yanageuka karakana, akaupata mhuri, tena ndani ya mtoto wa meza yake mwenyewe.

Jibu la idara lilikuwa mstari mmoja: tathmini ilizingatia taratibu zote. Bi Pindo akakata rufaa kwenye bodi inayosikiliza kesi za zabuni, akangoja. Kungoja kuligharimu. Kazi ilipopungua, fundi mwenye mkono mwepesi kuliko wote alifungasha nguo zake akarudi kwao. Cherehani yake ikafunikwa kitambaa. Bi Pindo hakumlaumu, ila kila alipopita pale aliunyoosha ule mfuniko, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Wajumbe watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Upande wa idara alisimama ofisa ununuzi, suti ya kijivu, akasoma ripoti yake kwa sauti ya mtu anayewahi chakula cha mchana.

"Naomba nilione hilo shuka," alisema Bi Pindo alipopewa nafasi.

Likaletwa ndani ya mfuko wenye lakiri na namba yake. Akalitandaza, akapitisha kidole gumba juu ya pindo, taratibu, kama anayesoma gizani. Kidole kikasimama. Akalibana lile pindo kidogo, akalisugua, na uso wake ukatulia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba ruhusa nifumue hapa. Upana wa kiganja tu."

"Litaharibika," alisema ofisa.

"Nililishona mimi. Nitalishona tena."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Bi Pindo akafumua, akafunua mkunjo. Ndani yake, pale ambapo jicho la mnunuzi haliingii, palikuwa na mstari wa bluu, mbichi kana kwamba umepigwa asubuhi ile.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Hii ni nini?"

"Chaki ya fundi, mheshimiwa. Tunapiga mstari mahali pa kukunjia, halafu unabaki humo ndani. Inaogopa maji kuliko paka. Ufuaji wa kwanza tu, imekwenda."

"Inaweza kuwa wino wa kalamu," alidakia ofisa.

Mwenyekiti alilowesha leso yake kwa maji ya chupa, akafuta kipande cha mstari, urefu wa kidole. Pakabaki peupe.

"Mara moja," alisema, akimtazama ofisa juu ya miwani. "Ninyi mlifua mara kumi. Wapi?"

"Kamati ndiyo iliyofua."

"Kamati ya watu watano. Katika beseni gani?"

Ofisa akapekua karatasi, akarudi mwanzo, akapekua tena. Kule nyuma shemeji mtu, aliyekuja kusikiliza, alishikwa na kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki tatu: ushindi wa kampuni ya matairi umefutwa, kamati mpya iundwe, na sampuli zote zifuliwe upya katika chumba cha kufulia cha hospitali, mbele ya wazabuni wote. Siku ya kufua Bi Pindo alisimama kati ya mvuke na ngurumo za mashine, mikono nyuma. Dobi mkuu alilitoa shuka la kampuni ya matairi, akalipima, akalipima tena.

"Hili tuwapelekee wodi ya watoto wachanga," alisema.

La Bi Pindo lilitoka kama lilivyoingia, sentimita kwa sentimita.

Mkataba aliusoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya mstari, huku ofisa wa suti ya kijivu amesimama na kalamu mkononi.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Nasoma ninachotia sahihi. Ungejaribu nawe."

Aliporudi karakana hakuketi. Alikiondoa kile kitambaa kwenye cherehani iliyolala, akaitia mafuta, kisha akampigia simu fundi aliyeondoka.

"Mwanangu, ni mashuka elfu mbili. Unarudi lini?"

Ilimbidi aulize mara mbili, maana nyuma yake cherehani tano zilikuwa zimekwisha anza, na hakuna aliyekuwa tayari kusimama kwa ajili ya simu.

"Kwa basi la kesho asubuhi, mama," ilijibu sauti.

"La alfajiri," alisema Bi Pindo.